Mwongozo Kamili wa Kupanga Siku Nne Katika Nchi ya Wakajuni, Louisiana Kusini

Wasafiri wengi wanaosema wamekwenda Louisiana, Marekani, kuwaona Wakajuni huishia New Orleans. Hula bakuli la gumbo, mchuzi mzito wa huko, katika mtaa wa watalii, hupanda basi hadi kwenye kinamasi kilicho karibu, kisha hurudi hotelini kabla ya jua kuzama. New Orleans ni mji wenye mambo yake na unastahili safari yake peke yake, lakini si mji wa Wakajuni. Moyo wa nchi yao huanza unapolivuka bonde la mto Atchafalaya kuelekea magharibi, na kitovu chake ni mji wa Lafayette, ulio kilomita 217 hivi kutoka New Orleans. Eneo lao lote lina parokia 22, yaani wilaya kama zinavyoitwa katika jimbo la Louisiana, na mwaka 1971 bunge la jimbo lilithibitisha rasmi kuwa litaitwa Acadiana. Lina sura mbili zisizofanana: mashariki na kusini ni vinamasi na mito, na magharibi ni mbuga tambarare za mpunga na ng'ombe. Mgeni anayepanga siku zake zote kwa ajili ya kinamasi hukosa nusu ya nchi, na kwa maoni yangu hukosa nusu iliyo bora, kwa sababu muziki uko mbugani.

Ni vyema kujua kwa ufupi unakwenda kwa nani. Wakajuni ni wazao wa Waakadia, wakulima Wafaransa waliokuwa wakiishi katika sehemu ambayo leo ni Nova Scotia nchini Kanada. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza zaidi ya watu 10,000, wakachoma nyumba zao na kuwatawanya kwa meli. Baadhi yao walifika Louisiana kuanzia miaka ya 1764 na 1765, na mwaka 1785 meli saba zilileta wengine takriban 1,600 kutoka Ufaransa. Hawakukuta nchi tupu. Wachitimacha walikuwa wamekaa kando ya mito hiyo tangu zamani, na hadi leo wana ardhi yao huko Charenton, kando ya Bayou Teche. Waafrika waliotumikishwa kama watumwa, pamoja na Wakrioli weusi waliozungumza Kifaransa, walikuwa sehemu ya nchi hiyo pia. Chakula na muziki utakaoukuta vilitoka kwa watu hao wote, na mwongozaji anayekueleza habari za Waakadia peke yao anakupa kipande tu cha hadithi.

Hatua ya kwanza: kuchagua msimu

Kila msimu hutoa kitu na kunyima kingine, kwa hiyo amua kwanza unachokitaka zaidi. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, kipindi cha katikati ya Machi hadi mwanzo wa Mei ndicho kinachofaa kuliko vyote. Kamba wa maji baridi huwa wengi na bei yao hushuka, ndege wa majini huwa wameatamia, na maji ya Atchafalaya huwa juu kutokana na mvua na theluji iliyoyeyuka huko kaskazini, hivyo boti huweza kupita katikati ya miti badala ya kubaki kwenye mkondo. Mwishoni mwa Aprili Lafayette huwa na Festival International de Louisiane, tamasha la muziki wa nchi zinazozungumza Kifaransa lililoanza mwaka 1987, na mwanzoni mwa Mei mji mdogo wa Breaux Bridge husherehekea kamba wake. Ukiangukia wikendi hizo, weka nafasi ya malazi miezi kadhaa kabla.

Oktoba ni chaguo la pili. Joto hupungua, miwa huvunwa pande za New Iberia, na Lafayette huwa na Festivals Acadiens et Créoles, tamasha lililotokana na onyesho la muziki wa Kikajuni la mwaka 1974. Kamba wabichi hawapo wakati huo, na maji ya kinamasi huwa chini. Majira ya baridi yana gumbo nzuri na Mardi Gras ya vijijini, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi mamba hutulia mafichoni na huenda usimwone hata mmoja. Juni hadi Septemba sipendekezi kwa mtu yeyote mwenye uhuru wa kuchagua: joto lenye unyevunyevu ni kali, mbu ni wengi, na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, unaweza kuivunja safari kwa taarifa ya siku mbili.

Hatua ya pili: kuijenga safari kuizunguka Jumamosi

Hili ndilo jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Katika nchi ya Wakajuni siku hazilingani thamani. Mkusanyiko wa wanamuziki wa mji wa Eunice hufanyika Jumamosi asubuhi. Baa maarufu ya mji mdogo wa Mamou hufunguliwa Jumamosi asubuhi peke yake. Onyesho la muziki la ukumbi wa Liberty, ulio Eunice pia, huwa Jumamosi jioni. Kwa upande mwingine, migahawa midogo ya chakula cha mchana cha wafanyakazi hufanya kazi siku za kazi tu, na kijiji cha makumbusho cha Vermilionville hufungwa Jumatatu. Kwa sababu hiyo, anza kwa kuiweka Jumamosi yote mbugani, kisha uzipange siku nyingine pande zake: Ijumaa kwa kufika na kula chakula cha mchana cha kawaida, Jumapili kwa kinamasi, na Jumatatu kwa Avery Island na barabara ya kurudi.

Saa zote katika mwongozo huu ni za hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo saa 3 asubuhi utaikuta kwenye matangazo yao ikiandikwa 9. Piga simu wiki moja kabla kuthibitisha kila mahali, kwa maana biashara nyingi za huko ni za familia, na ratiba hubadilika kwa sababu ya harusi, mafuriko au uwindaji.

Hatua ya tatu: usafiri na malazi

Bila gari hutafika popote. Treni ya Sunset Limited ya Amtrak husimama Lafayette mara tatu kwa wiki kila upande, na mji una uwanja wa ndege, lakini kutoka hapo hakuna usafiri wa umma wa kukufikisha Mamou wala ukingoni mwa kinamasi. Waswahili wanaoishi Houston, ambao ni wengi kutoka Kongo, Tanzania na Kenya, wako karibu: ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa barabara kuu ya I-10. Anayetoka nje ya Marekani akodi gari New Orleans au Houston na awe na leseni ya kimataifa pamoja na leseni ya nchi yake.

Lala sehemu moja tu kwa siku zote. Breaux Bridge ina nyumba ndogo za wageni na iko kilomita 15 hivi kutoka Lafayette. Lafayette yenyewe ina hoteli za kila bei. Kutoka mojawapo ya miji hiyo, Henderson ni karibu nusu saa au pungufu, St. Martinville vivyo hivyo, Opelousas ni kilomita 40 hivi na Eunice ni karibu saa moja. Kuhamahama hoteli katika eneo dogo namna hii ni kupoteza asubuhi.

Hatua ya nne: kinamasi

Bonde la Atchafalaya ndicho kinamasi cha mto kilicho kikubwa kuliko vyote nchini Marekani. Mto wake hupokea asilimia 30 ya maji ya mito ya Mississippi na Red yakijumlishwa pamoja, kiwango kinacholindwa na milango ya kudhibiti maji ya Old River iliyoanza kazi mwaka 1963, kwa sababu bila hiyo Mississippi ungekwisha kuhamia njia hii iliyo fupi zaidi ya kufika baharini na kuiacha New Orleans kando ya mkono mkavu wa mto. Pande mbili za bonde kuna matuta marefu yaliyojengwa baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927. Utayaona haya yote kwa mara ya kwanza ukiwa juu ya daraja la I-10, lenye urefu wa kilomita 29 hivi, lililofunguliwa mwaka 1973. Usijaribu kupiga picha ukiendesha. Toka barabarani pale Butte La Rose, karibu katikati ya daraja, ambako kuna kituo cha wageni chenye ramani na maelezo, upumzike.

Kuna namna tatu za kuingia majini. Ya kwanza ni boti ya pangaboi kubwa la hewani, inayokwenda kasi juu ya magugu na maji mafupi. Watoto huipenda, lakini kelele yake ni kubwa kiasi kwamba abiria huvalishwa vikinga masikio, na ndege huruka kabla hujawafikia. Ya pili ni boti bapa ya alumini yenye injini ya kawaida. Ya tatu ni kayaki au mtumbwi wa kukodi, kwa aliyezoea kupiga kasia na asiyeona haya kuomba mwongozaji, kwa sababu katikati ya miti inayofanana ni rahisi mno kupotea. Ningechagua boti bapa iliyo ndogo, inayoongozwa na mtu aliyekulia humo, ambaye aghalabu naye ni mvuvi wa kamba au mtoto wa mvuvi. Tofauti ya bei kati ya boti hiyo na kubwa yenye kipaza sauti si kubwa. Kwa kawaida mtu mzima hulipa kati ya dola 25 na 40 kwa saa moja na nusu au mbili.

Kabla ya kulipa, uliza boti inabeba watu wangapi, ina kivuli au haina, kama kuna jaketi za kuokoa maisha za saizi ya watoto, na kama mwongozaji huzima injini. Swali la mwisho ndilo linalotenganisha ziara nzuri na ya kawaida, kwa sababu kinamasi hukisikia zaidi ya unavyokiona. Uliza pia kama huwalisha mamba vyakula ili wasogee. Mimi humkwepa anayefanya hivyo: mamba aliyezoea kulishwa na binadamu huwa hatari kwa mvuvi wa kesho yake, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa.

Sehemu mbili zinafaa. Lake Martin, karibu na Breaux Bridge, ni ziwa dogo lililo ndani ya hifadhi ya Cypress Island, na katika majira ya kuchipua huwa na maelfu ya ndege wanaoatamia: yangeyange, korongo na domomwiko wa rangi ya waridi. Wengi wao wanaonekana hata kutoka barabarani, kwa hiyo asiyetaka kulipia boti aje na darubini tu. Henderson, iliyo kwenye tuta la magharibi la Atchafalaya, ni pana zaidi. Pale utaona visiki vikubwa vya saipresi vilivyobaki baada ya wakataji mbao kuimaliza misitu ya kale kufikia miaka ya 1930. Kama ni majira ya kuchipua na una nafasi ya ziara moja, chukua Lake Martin. Misimu mingine chukua Henderson.

Nenda alfajiri au saa mbili za mwisho kabla ya magharibi. Mchana mweupe ni wa mwanga mkali, joto na ndege waliojificha. Saipresi ya huko hupukutisha majani kila mwaka, jambo lisilo la kawaida kwa mti wa jamii yake, na kuzunguka shina lake huchomoza mizizi inayosimama kama magoti. Juu yake huning'inia mimea ya kijivu ambayo zamani ilikaushwa na kujazwa kwenye magodoro na viti vya magari. Mamba wa huko ni wa aina ya aligeta, mwenye pua pana na hasira ndogo kuliko mamba wa Rufiji au Mara. Mwaka 1967 aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, akatolewa mwaka 1987, na leo Louisiana inakadiriwa kuwa na aligeta wa porini wapatao milioni 2. Utaona pia gugu maji, lilelile linalowasumbua wavuvi wa Kisumu na Mwanza, likiwa limefunga njia za boti kwa namna ileile.

Tahadhari ni chache lakini si za mzaha. Usitie mkono majini. Usishuke kwenye boti isipokuwa mwongozaji amekwambia. Ukitembea kwa miguu, baki katikati ya njia, kwa sababu kuna nyoka wa majini mwenye sumu, anayetambulika kwa kinywa cheupe anachokipanua anapotishwa, na mmea wenye majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa siku nyingi. Sehemu za njia ya kando ya Lake Martin hufungwa majira ya joto, mamba wanapolinda mayai. Kibao kikisema imefungwa, geuka.

Hatua ya tano: kula kwa mpango

Anza Ijumaa mchana, ukifika mapema. Migahawa midogo ya Lafayette na vitongoji vyake huuza sahani ya mchana ya wafanyakazi: wali, mchuzi mzito wa nyama iliyopikwa hadi ikalainika, maharage au mboga, na kipande cha mkate. Watu hupanga foleni kuanzia saa 5 asubuhi, na kufikia saa 7 na nusu mchana vyakula vizuri vimekwisha. Sahani hiyo haitangazwi sana kwa watalii, lakini ndiyo chakula halisi cha nchi hii, na anayetoka pwani yetu hatahitaji kufundishwa thamani ya wali na mchuzi. Katika Kwaresima, kwa kuwa wengi wao ni Wakatoliki, Ijumaa huwa ya samaki na kamba.

Gumbo ni mchuzi unaoanza na unga uliokaangwa polepole ndani ya mafuta hadi ukapata rangi ya chokoleti, kisha huongezwa vitunguu, seleri na pilipili hoho, vitu vitatu vinavyoanzisha karibu kila sufuria ya huko. Hukolezwa uzito kwa bamia, iliyofika na Waafrika, au kwa unga wa majani ya sasafrasi, ambao Wachokto waliutumia kabla ya mgeni yeyote kufika. Gumbo ya Kikajuni ya kuku na soseji ni nyeusi na haina nyanya; ukikuta yenye nyanya, umepewa ya New Orleans. Étouffée ni kamba waliopikwa polepole katika siagi na vitunguu na kumwagwa juu ya wali. Jambalaya ni wali unaopikwa pamoja na nyama na viungo vyake sufuria moja, ndugu wa mbali wa pilau. Boudin ni soseji ya wali, nyama ya nguruwe, maini na majani ya vitunguu, inayouzwa moto kwenye maduka ya nyama na hata vituo vya mafuta. Mji wa Scott, mlangoni mwa Lafayette upande wa magharibi, umejipatia sifa ya kuwa makao makuu yake. Huliwa kwa kuminya ujazo kutoka kwenye ngozi, mtu akiwa amesimama kando ya gari, na hakuna anayekucheka.

Msomaji Mwislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, anahitaji mpango maalumu, kwa sababu nguruwe hujificha. Yumo kwenye boudin, kwenye soseji ya andouille iliyo ndani ya gumbo na jambalaya, kwenye maharage mekundu, na mara nyingi hata kwenye mboga za majani. Usiulize kama chakula kina nyama. Uliza kama kina nguruwe, soseji au mafuta ya nguruwe, na uulize kila mahali upya. Vilivyo salama zaidi kwa kawaida ni kambale wa kukaanga, kamba na étouffée, ila hakikisha mafuta ya kukaangia ni ya mimea na kwamba kamba hawakuchemshwa pamoja na soseji.

Kamba wenyewe ni sherehe. Ni aina ileile iliyopandikizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, lakini huko Louisiana ni chakula cha jamii nzima. Sehemu hutoka kinamasini, na nyingi hutoka kwenye mashamba ya mpunga: baada ya mavuno, mkulima hulijaza shamba maji wakati wa vuli, kamba hutoka mashimoni, naye huwatega kwa mitego ya waya hadi majira ya kuchipua. Ukiendesha kati ya Crowley na Eunice utaona vichwa vya mitego vimechomoza kwenye maji kwa mistari iliyonyooka. Bei hupanda na kushuka kwa hali ya hewa. Ukame wa mwaka 2023 uliwafanya kamba wa mwanzo wa 2024 kuwa ghali kupita kiasi. Januari huwa ghali, Aprili hupoa.

Huuzwa kwa ratili wakiwa wamechemshwa na pilipili, viazi na mahindi. Agiza ratili tatu kwa kila mtu mzima, kwa kuwa nyama ni sehemu ndogo sana ya uzito huo. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, zungusha na uvute; ondoa pete ya kwanza ya ganda; bana ncha ya mkia na uivute nyama kwa meno. Wenyeji hunyonya kichwa pia, kwa sababu humo ndimo mchuzi ulimobaki. Mkia ulionyooka badala ya kujikunja, uweke kando, kwani huenda kamba huyo alikuwa amekufa kabla ya kuchemshwa. Na usijiguse macho mpaka umeosha mikono mara mbili.

Hatua ya sita: Jumamosi mbugani

Toka Lafayette saa 1 na nusu asubuhi. Huko Mamou, Fred's Lounge hupiga muziki wa moja kwa moja asubuhi ya Jumamosi na kufunga mapema mchana. Ni chumba kidogo, wanamuziki wako katikati wamezungushiwa kamba ya kuwatenga na wachezaji, na watu wazima hucheza waltzi na bia mkononi kabla ya saa 4 asubuhi. Kwa familia yenye watoto, au kwa asiyependa baa, nenda moja kwa moja Eunice, kilomita 18 hivi kusini ya Mamou, kwenye duka la ala la Savoy Music Center. Mwenyewe, Marc Savoy, ni fundi wa kodiani, na Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 6 hivi wapigaji wazee kwa vijana hukaa kwa duara na kupiga bila jukwaa wala malipo. Ni desturi nzuri kwenda na boudin au keki ya kugawana. Kaa nje ya duara ikiwa huna ala, zungumza kwa sauti ya chini, na omba ruhusa kabla ya kurekodi.

Ala kuu ni kodiani ndogo ya vifungo, fidla na pembetatu ya chuma inayogongwa. Mkenya anayeujua mwomboko wa Wakikuyu, wenye kodiani na karing'aring'a, atajikuta akitikisa mguu bila kuhimizwa. Rekodi ya kwanza ya muziki huu ilifanywa mwaka 1928 na Joe Falcon na Cléoma Breaux. Mwaka uliofuata Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, alirekodi pamoja na mpiga fidla mweupe Dennis McGee, na nyimbo zao ni msingi wa kinachopigwa hadi leo. Muziki wa zydeco ulikuzwa na Wakrioli hao. Mfalme wake, Clifton Chenier, alizaliwa pande za Opelousas mwaka 1925, akatumia kodiani kubwa ya vinanda na bati la mikunjo linalovaliwa kifuani na kukwaruzwa. Ukitaka kuusikia, tafuta ratiba za Breaux Bridge na Opelousas; Breaux Bridge ina kifungua kinywa cha Jumamosi chenye bendi ya zydeco, lakini ukikichagua, utaikosa Eunice.

Mchana tembelea kituo cha utamaduni wa mbugani cha idara ya hifadhi za taifa, kilicho katikati ya Eunice, ambacho hakina kiingilio. Jioni, onyesho la ukumbi wa Liberty, jengo la mwaka 1924, huendeshwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na watu hushuka kucheza mbele ya jukwaa. Usiogope kucheza: hatua ni mbili, watu huzunguka ukumbi kinyume cha saa, na mzee akikuomba mcheze ni heshima tu, hakuna jingine.

Msomaji kutoka Kongo, Burundi au Rwanda anayejua Kifaransa ana nafasi ambayo wageni wengine hawana. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia shuleni, watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kifaransa cha nyumbani, na ni mwaka 1968 tu ambapo jimbo liliunda taasisi ya kukifufua, iitwayo CODOFIL. Wazee waliopitia adhabu hizo wapo bado, na salamu ya Kifaransa kutoka kwa Mwafrika huwafungua kwa mazungumzo marefu. Waite kwa heshima ya kule, Mister au Miss pamoja na jina la kwanza, usiwaite kwa jina tupu.

Hatua ya saba: Jumapili na Jumatatu

Jumapili ingia kinamasini alfajiri, kisha endesha hadi St. Martinville. Mwaloni wa Evangeline, kando ya Bayou Teche, umepewa jina la shujaa wa shairi la Longfellow la mwaka 1847, mshairi ambaye hakuwahi kufika Louisiana. Mwaloni hukutosha kwa dakika tano. Tumia muda wako kwenye jengo lililo jirani, ambalo lina kumbukumbu ya Waakadia, yenye ukuta wa majina ya waliofika, na pia jumba la makumbusho la Waamerika Weusi. Yatazame yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa moja bila jingine halieleweki. Kabla ya kwenda, hakikisha saa zao za Jumapili. Zikigongana, peleka ziara hii Ijumaa alasiri na uweke Vermilionville hapa badala yake. Jumapili alasiri baadhi ya magati ya Henderson, chini ya tuta, huwa na dansi inayoisha jua linapozama.

Jumatatu ni ya Avery Island, kusini-magharibi ya New Iberia, kilima kilichosimama juu ya mwamba wa chumvi, ambako familia ya McIlhenny imetengeneza mchuzi wa pilipili wa Tabasco tangu mwaka 1868. Pilipili husagwa na chumvi, hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu, kisha huchanganywa na siki. Kiwanda ni cha saa moja; bustani ya Jungle Gardens iliyo pembeni ni ya saa mbili, na ndani yake kuna makazi ya yangeyange yaliyoanzishwa mwaka 1895, walipokuwa wakimalizwa kwa ajili ya manyoya ya kofia.

Katika begi weka dawa ya mbu, kofia, koti jepesi la mvua, viatu vinavyofunika mguu, na sanduku la barafu. Ongeza asilimia 15 hadi 20 ya bahashishi kwenye kila hesabu ya mgahawa, na bei zilizoandikwa zichukulie kuwa bado hazijaongezwa kodi. Boudin ya baridi husafiri vizuri ndani ya barafu hadi Houston, lakini anayepanda ndege kwenda nje ya nchi asiibebe, kwa kuwa nchi nyingi huzuia nyama mpakani. Achukue unga wa sasafrasi na mchuzi wa pilipili, na chupa zinazozidi mililita 100 ziende kwenye begi la kukabidhi.